Shajara ya mradi: machungwa yanayodondoka kabla ya siku zake, Muheza

9 Machi

Nimefika shambani saa mbili asubuhi, mjomba keshanitangulia. Kakaa juu ya debe lililopinduliwa, anayasogeza kwa fimbo machungwa yaliyodondoka usiku, anayahesabu. Nikamwamkia. "Marahaba. Mpwa wangu, wewe umesomea kilimo. Hebu niambie, mti unapataje moyo wa kumwaga watoto wake?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, ndiyo maana ya daftari hili.

Muheza na machungwa hapahitaji maelezo mengi. Anayepita barabara ya Segera kwenda Tanga wakati wa mavuno anayaona marundo pembeni na mafuso yanayopakia, mengine ya Dar es Salaam, mengine ya kuvuka Horohoro kuingia Kenya. Shamba la mjomba lina michungwa ya Valencia iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa, juu ya shina la mlimau, mizee kidogo lakini bado inazaa. Mavuno yake makubwa huanza Juni. Kinachomuuma si maua kupukutika wala vichungwa vya ukubwa wa njegere. Hivyo amevizoea tangu ujana wake, na ana haki ya kuvizoea. Mchungwa hutoa maua kwa maelfu, na katika kila maua mia moja ni moja au mawili tu yanayofika kwenye tenga. Mengine mti wenyewe huyaacha, maana haungeweza kuyalisha yote. Kinachomuuma ni chungwa lililokwisha kufika ukubwa wa ngumi, lililobakiza miezi miwili au mitatu, halafu linalala chini.

Nimemwomba miti 12. Nataka kujaribu vidhibiti ukuaji, yaani homoni za mimea zinazopuliziwa kwa kiasi kidogo sana ili tunda lishike. Sharti langu: machungwa ya miti itakayopuliziwa dawa hayauzwi wala hayaliwi, kwa sababu dawa hizi sizitumii kwa kufuata lebo yoyote iliyoandikiwa michungwa ya hapa. Tumevutana nusu saa. Mwisho amekubali, ila nimlipe mavuno ya miti minane itakayopuliziwa dawa kwa bei ya mnunuzi wa kwanza atakayefika. Mjomba ni mjomba, lakini biashara ni biashara.

12 Machi

Leo nimeokota matunda yaliyoanguka na kuangalia kitu kimoja tu: yameachia wapi.

Mchungwa una sehemu mbili za kuachia tunda. Ya kwanza ipo pale kikonyo kinapoungana na tawi. Ya pili ipo pale tunda linapoungana na kile kikombe kidogo cha kijani kilicho kichwani mwake. Tunda likiwa changa huachia pale juu, likaanguka na kikonyo chake. Likishakomaa huachia pale chini. Kikombe kinabaki mtini na chungwa linaanguka kichwa wazi, na kovu la mviringo lililo safi kana kwamba limekatwa na mtu. Karibu yote niliyookota leo ni ya namna hii ya pili.

Mle ndani ya ile sehemu kuna tabaka jembamba la seli. Muda wote tunda linapokuwa na afya, linateremsha oksini, homoni ya mmea, kupitia kikonyo, na oksini hiyo inazifanya seli zile zisiisikie ethilini, homoni nyingine iliyo gesi, ambayo huliachisha tunda. Oksini ikipungua, iwe kwa uzee, kiu, jeraha au ugonjwa, ethilini inapata nafasi. Seli zinatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi iliyo kati ya kuta zao, na uzito wa tunda unamalizia kazi. Ukimpulizia mchungwa oksini ya kutengenezwa, unachofanya ni kuiambia ile sehemu kwamba tunda bado lipo na bado linahitaji kushikwa, hata kama lenyewe limenyamaza.

Nimemweleza mjomba hivi hivi. Kasema, "Kwa hiyo tunaudanganya mti." Ndiyo.

15 Machi

Jirani wa upande wa mtoni amekuja na shauri. Kasikia kwamba dawa ya magugu, ile ya 2,4-D, kifuniko kimoja kwenye bomba la mgongoni kinashikisha machungwa. Jambo la kushangaza ni kwamba hajasikia uongo mtupu. Kule California wakulima wa michungwa wanatumia 2,4-D tangu miaka ya 1940 kwa kazi hii hii. Ni oksini ya kutengenezwa. Kwa kipimo kidogo inashika tunda, kwa kipimo kikubwa inaua magugu ya majani mapana.

Tatizo ni hicho kifuniko. Nimekaa naye chini ya mwembe tukapiga hesabu. Kipimo kinachotajwa kwa michungwa ni kama miligramu 20 kwa lita moja ya maji. Bomba la lita 15 linahitaji miligramu 300. Chupa ya dukani ina gramu 720 kwa lita, maana yake kila mililita moja ina miligramu 720. Kwa hiyo bomba zima linataka chini ya nusu mililita, matone machache. Kifuniko cha mililita 10 kinakupa miligramu 480 kwa lita, mara 24 ya kinachotakiwa.

Kanyamaza kidogo, halafu akanichukua hadi kwake kunionyesha mti mmoja. Majani machanga yamejikunja na kusokoteka, membamba kama kamba ya katani, mishipa imesimama. Mpapai uliokuwa karibu umekufa. Sikumuuliza alitia vifuniko vingapi.

Nimeamua 2,4-D haingii katika jaribio hili. Chupa zote nilizozisoma kwenye maduka ya pembejeo hapa mjini zimeandikwa mahindi na miwa, na dawa iliyosajiliwa kwa zao fulani na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu haihamishwi kwenda zao lingine kwa mazungumzo ya chini ya mwembe. Pia bomba likishabeba dawa ile halitoki kirahisi. Kesho ukipulizia nyanya kwa bomba hilo hilo unajiletea msiba. Nitatumia NAA, ambayo nayo ni oksini lakini yenye ukali mdogo zaidi, na jibereli, homoni ya aina nyingine inayochelewesha ganda kuzeeka. Zote miligramu 20 kwa lita. Miti minne NAA, minne jibereli, minne maji matupu.

Hata NAA ina kigeugeu chake. Kwa kipimo cha juu, miligramu mia mbili na kuendelea, ikipuliziwa kwenye machenza machanga hutumika *kupunguza* matunda mtini ili yaliyobaki yanenepe. Dawa ile ile inayoshika ndiyo inayoangusha. Nimeandika namba 20 kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari.

23 Machi

Kabla ya kupulizia chochote nimetaka kujua nini hasa kinaangusha. Kwa siku saba, kila asubuhi, mimi na kijana wa pale nyumbani tumeokota kila chungwa chini ya miti 12 na kulipasua. Jumla 118.

Yenye mabuu ya nzi wa matunda: 57. Haya hayahitaji miwani. Ukipasua unakuta mabuu meupe, hayana miguu, mengi kwa pamoja, na yaliyokomaa yanaruka. Moja limenirukia kwenye mkono wa shati. Nje kuna tundu dogo tu lenye doa la kahawia lililolainika pembeni.

Yenye kiwavi mmoja wa rangi ya waridi na kinyesi kama unga wa kahawa kwenye tundu: 9. Huyo ni mtoto wa nondo, si nzi.

Yaliyooza kuanzia kwenye kikombe, nyama imekuwa nyeusi na laini: 14.

Yaliyo mazima kabisa, hayana tundu, hayana uozo, yameachia tu: 38.

Nimezipanga ndoo nne kwa mstari na kumwita mjomba. Katazama muda mrefu. Kanyoosha fimbo kwenye ndoo ya nzi, kubwa kuliko zote. "Hii dawa yako inashika haya?" Hapana. Tunda lenye mabuu ndani likishikwa mtini linazidi kuwa kitalu cha nzi. Homoni inaweza kusaidia ile ndoo ya mwisho tu, labda na sehemu ndogo ya ile ya uozo. Theluthi moja.

Nilivyokuja hapa nilikuwa na picha kichwani ya kupulizia na kuona ardhi safi chini ya miti. Picha hiyo nimeifuta leo. Kuanzia sasa nitahesabu mazima peke yake kama kipimo cha dawa. Mengine yanaandikwa pembeni.

Yale yenye mabuu tumeyatia kwenye mifuko ya nailoni nyeusi, tukafunga na kuiacha juani. Mjomba alikuwa anayatupa kwenye shimo la wazi nyuma ya zizi, yaani alikuwa anawafuga nzi bila kujua. Nzi huyu, *Bactrocera dorsalis*, alionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa hiyo mbinu ambazo mjomba alirithi kwa baba yake hazikumjua mdudu huyu. Sikumlaumu.

5 Aprili

Kupima dawa kumenisumbua kuliko nilivyodhani. Mizani ya jikoni haijui miligramu 300. Nimeazima mizani ndogo ya sonara mjini Tanga, mwenyewe akanisimamia muda wote kana kwamba natoroka na dhahabu. Nimepima vifuko vinne: viwili vya NAA, viwili vya jibereli, kila kimoja cha bomba moja. Bomba moja linatosha miti miwili.

Unga wa NAA ukiutia moja kwa moja kwenye maji yaliyomo ndani ya bomba la kupulizia unaelea na kugandamana. Unauyeyusha kwanza kwenye spiriti kidogo, mililita 20 hivi, unatikisa mpaka uwe wazi, ndipo unaumimina kwenye maji huku unakoroga. Jibereli nayo vivyo hivyo.

Jambo la pili ni maji. Jibereli haipendi maji yenye magadi, inavunjika. Nimechovya karatasi ya kupimia pH (juu ya 7 ni magadi, chini ya 7 ni ukali wa ndimu) kwenye maji ya kisima cha mjomba, ikasoma 8. Shangazi kaniuliza nataka nini, nikamwambia nataka maji yawe makali kidogo. Kaingia jikoni, katoka na ndimu. Ndimu nne zimeshusha bomba zima hadi karibu na 6. Ndimu za bure, kutoka mti wa nyuma ya choo. Sijui kwa nini nilikuwa nimeandika "kununua asidi" kwenye orodha ya manunuzi.

18 Aprili

Siku ya kupulizia. Masika yamekolea na tumeahirisha mara tatu. Leo asubuhi mbingu ilikuwa safi, upepo haupo, umande umekauka saa mbili na nusu. Majani machanga ni machache kwenye miti hii, nilikuwa nasubiri hilo pia, kwani majani laini ndiyo yanayoumia kwanza.

Kila mti una alama ya rangi shinani. Maana ya rangi ninaijua mimi peke yangu. Kijana anayehesabu hajaambiwa, wala mjomba. Mjomba hili limemuudhi.

Tumeanza na maji, halafu tukasuuza bomba, NAA, tukasuuza tena mara tatu, jibereli mwisho. Nozeli ya ukungu mwembamba, kuanzia ndani ya mti kwenda nje, mpaka majani yaanze kudondosha tone. Sikuwa nimefikiria majimoto. Mti wa tano ulikuwa na kiota chao kizima, majani yameshonwa pamoja, na mara tu matone yalipowafikia walishuka kwa kikonyo, kwa tawi, kwa mkono wa bomba, mpaka shingoni kwangu. Mjomba alicheka mpaka akaketi. Wenyewe sitaki wafe, wanakula wadudu wengi. Lakini leo hatukuwa marafiki.

Saa saba mchana, nikiwa namalizia jibereli, wingu lilitokea upande wa milima ya Usambara. Mvua ikapiga dakika arobaini. Miti miwili ya mwisho ilikuwa haijakauka. Nimeiandikia alama ya mduara: haitahesabiwa. Jibereli imebaki na miti miwili, jambo linaloifanya karibu isiwe jaribio tena.

2 Mei

Wiki mbili. Hakuna majani yaliyojikunja popote. Nimepumua.

Mjomba ana hofu mpya: rangi. Machungwa ya huku hayaivi njano kama ya nchi za baridi. Usiku wetu una joto, ganda linabaki na ukijani hata ndani kukiwa kutamu. Mnunuzi anatafuta ule umanjano kidogo unaochungulia chini. Jibereli inachelewesha hata huo. Nimepita kwenye miti yake miwili, na kweli naona ni ya kijani zaidi, ingawa jicho linaona linachotaka. Kwa nchi ambako wanataka chungwa likae mtini muda mrefu wakisubiri bei, hiyo ni faida. Kwa mjomba, fuso likifika yeye anataka kuvuna siku hiyo hiyo.

Kingine cha kuangalia: jibereli ikipuliziwa wakati mti unajiandaa kutoa maua inapunguza maua ya msimu unaofuata. Kwetu hapa hakuna msimu mmoja safi. Nimesimama leo chini ya mti mmoja wenye ua, kichungwa cha ukubwa wa gololi na chungwa la kuvuna, vyote kwenye tawi moja. Vipimo vya vitabuni vimeandikwa na watu ambao michungwa yao inachanua mara moja na kwa pamoja.

30 Mei

Wiki sita zimetimia. Nimefungua maana ya rangi mbele ya wote na kujumlisha matunda mazima yaliyodondoka.

Maji matupu, miti minne: 41.
NAA, miti minne: 29.
Jibereli, miti miwili: 13.

Kijana kapiga makofi. Mjomba kasema, "Basi imeshika." Nami, nakiri, kwa kama dakika kumi nilikuwa natunga kichwani namna ya kuwaeleza wakulima wenzake.

Halafu nikaangalia mti mmoja mmoja. Katika yale 41 ya maji matupu, 19 yametoka kwenye mti namba 7 peke yake. Ukiuondoa huo, miti mitatu iliyobaki imedondosha 22, wastani wa saba na kidogo. NAA nayo ni saba na kidogo. Jibereli sita na nusu, kwa miti miwili. Tofauti yote ilikuwa imekaa kwenye mti mmoja.

Nimemwambia mjomba dawa haijaonyesha kitu hapa. Sikusema haifanyi kazi. Miti minne ni michache mno, na ilitakiwa niilinganishe jozi kwa jozi, mti na mwenzake wa jirani wenye ukubwa na mzigo sawa. Msimu ujao, kama kutakuwa na msimu ujao, mitego ya nzi na kuokota kila siku vinatangulia, homoni baadaye.

"Na namba 7?" kauliza.

31 Mei

Namba 7 upo karibu na mfereji. Majani yake yamepauka, machache, matawi ya juu yanakauka kuanzia nchani. Nilikuwa nimeupita mara arobaini bila kuuangalia chini. Leo nimepiga magoti. Udongo umerundikwa kulizunguka shina, umefunika kabisa pale ulipobebeshwa, na juu kidogo ya udongo kuna machozi ya gundi ya rangi ya asali yaliyokauka.

Aliyeurundika ni mjomba mwenyewe, kila palizi, kwa miaka. Alidhani anausimamisha usianguke na maji ya mfereji. Mlimau wa chini unavumilia kiasi kuoza kwa shina. Valencia wa juu havumilii, na sasa alikuwa amezikwa kwenye tope.

Sikujua nianzeje. Nikasema tu, "Mjomba, naomba tuutoe huu udongo tuone." Hakujibu. Kaleta jembe dogo na panga, tukafukua taratibu kwa mkono, tukiisogeza mizizi. Gome upande wa mfereji limelowa, ukilibonyeza linaachia maji yenye harufu ya uchachu. Nimelikwangua kwa ncha ya panga mpaka nikakuta mbao ya kahawia, kisha pembeni mstari wa kijani hai. Ugonjwa umelizunguka shina kama theluthi mbili.

8 Juni

Fuso la kwanza limefika. Nimemlipa mjomba ile miti minane kwa bei ya mnunuzi, naye kahesabu noti mara mbili mbele yangu, kisha karudisha moja. "Ya ndimu," kasema, ingawa ndimu zilikuwa za shangazi.

Namba 7 bado umesimama, shina wazi, jeraha limepakwa dawa ya shaba. Nilimshauri aung'oe. Kasema ausubiri mpaka vuli. Asubuhi nimemkuta kwenye mti namba 3, kapiga magoti, anaondoa udongo shinani kwa kiganja. Ameshamaliza namba 1 na 2.